UZI: Nimefunga kila kitu kwenye mashine ya hard enduro (pikipiki ya kupanda milima, mawe na magogo) lakini mlima wa mawe bado inanizimikia. Tatizo ni pikipiki au ni mimi?

#1 JiweTeleza
Wakuu salama. Nisaidieni, na kunicheka ruksa ila kwa kiasi.

Nina 300 ya tustroki, ya kabureta. Tangu niichukue sijapumzika kuifunga vitu. Bamba la kukinga injini chini lipo, vyuma vya kushikilia rejeta vipo, feni ya rejeta ipo, gadi za mikono, mikanda ya kuvutia mbele na nyuma, tairi la nyuma lile la mpira laini wanalotumia wakali. Ukiipiga picha utasema mwenyewe anatoka kushindana kwenye zile mbio kubwa za hard enduro za Romania.

Sasa kuna mlima mmoja mi nauita Mkopo, kwa sababu kila nikirudi naukuta umezidi. Mwanzo ni udongo, halafu yanakuja mawe yaliyolegea ya ukubwa wa kichwa cha mtu, halafu juu kuna ngazi ya mwamba inafika gotini. Nikifika pale kwenye ngazi tairi la nyuma linazunguka bure, mbele inanyanyuka, nabana klachi, nikiiachia injini inazima tii. Mara kumi mara kumi. Kushuka nayo kinyumenyume ndo mazoezi yangu ya mwili siku hizi.

Setapu: sprokoti 14 mbele 50 nyuma, tyubu nene na upepo 12 psi nyuma, springi za kiwandani zote. Mi nina kilo 94 bila mavazi ya kuendeshea. Shokapu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye swingiamu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Nibadili nini kwanza?

#2 KlachiKidole
Gia mkuu. 14/50 ni ya kukimbilia kwenye njia zilizo wazi. Gia ya kwanza yako ni ndefu ndo maana ukitaka kwenda taratibu lazima ubane klachi, ukiiachia haina nguvu inakufa. Toa jino moja mbele uje ushukuru.

#3 MzeeWaTope
Au aongeze jino moja nyuma, ni kitu kilekile na mbele haguswi mtu.

#4 HesabuZaCheni
@MzeeWaTope hapana mzee, si kitu kilekile. Gawanya mwenyewe. 50 kwa 14 unapata 3.57. Ukiweka 51 kwa 14 unapata 3.64, hapo hata hutosikia tofauti. Lakini 50 kwa 13 ni 3.85. Ili upate hiyo ukiwa na 14 mbele unahitaji kama meno 54 nyuma. Jino moja la mbele ni karibu manne ya nyuma. Watu wengi wa mawe wako 13/50 au 13/52, hiyo ya pili ni 4.00 kamili.

#5 MzeeWaTope
Sawa mwalimu. Nimekaa.

#6 GogoLaNjia
Kwa nini asiende 12 moja kwa moja tumalize uzi

#7 HesabuZaCheni
Inawezekana, 12/50 ni 4.17. Ila sprokoti ya meno 12 ni ndogo, cheni inapindwa sana pale inapozunguka na inapita chini zaidi inasugua ile plastiki ya juu ya swingiamu. Mi niliitumia msimu mmoja, nilipokuja kuvua nikakuta plastiki imekatwa kama kwa msumeno na chuma kimeanza kuliwa. Ukiitumia uwe unachungulia kila ukiosha.

#8 TairiUpara
Mnamchosha na meno. Amesema TAIRI LINAZUNGUKA BURE. Ukimpa gia fupi zaidi litazunguka bure zaidi! Tatizo ni upepo. 12 psi kwenye mawe ni kama umefunga gurudumu la mkokoteni. Tairi la mpira laini linataka kujikunja likumbatie jiwe, ukilijaza meno yanagusa kwa ncha tu. Shusha hadi 8, ikibidi 6.

#9 FundiSpana
@TairiUpara ashuke hadi 6 na tyubu? Utamuua. Jiwe la kwanza lenye kona tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu inatoka matundu mawili kama ameumwa na nyoka. Kilo 94 huyo.

#10 TairiUpara
Basi aweke musi. Nani bado anatumia tyubu kwenye mawe?

#11 MzeeWaTope
Mimi.

#12 Kifusi
Na mimi. Musi ni tamu sana zikiwa mpya, haina pancha maana ni sponji tu humo ndani. Lakini jamani semeni na upande wa pili. Kuifunga ni vita, vyuma vitatu na magoti yote mawili. Inataka jeli yake ya silikoni, na usije ukatia grisi ya kawaida italiwa. Na ukikimbia nayo barabarani kwa spidi inapata joto inaanza kuvunjikavunjika. Zaidi ya hapo upepo wake huwezi kuurekebisha, ulaini ulionunua ndo huohuo, halafu inasinyaa kadiri inavyotumika hadi tairi linaanza kuzurura kwenye rimu.

#13 KlachiKidole
Kuna ile Tubliss pia. Kamrija ka ndani unakajaza kama 110 psi kanabana tairi kwenye rimu, kisha tairi lenyewe unaliweka upepo unaoutaka hata 5. Ndani hakuna tyubu ya kubanwa. Mi nazo mwaka wa pili.

#14 Kifusi
Na ule wa ndani ukivuja katikati ya msitu?

#15 KlachiKidole
Ndo unajua rafiki zako ni akina nani.

#16 FundiSpana
Nirudi kwa mwenye uzi maana mnakimbia na tairi kama watoto.

Kaka, kilo 94. Ongeza buti, helmeti, kinga za magoti, begi la maji na spana unazobeba, umevuka mia. Springi za kiwandani za hizi pikipiki hupangwa kwa mtu wa kilo 75 hadi 85 hivi. Maana yake ukikaa nyuma inazama, uzito wote unaenda gurudumu la nyuma, na usukani unakuwa mwepesi. Sasa ongeza mlima juu yake. Mbele inanyanyuka, we unaogopa unabana klachi, unapoteza mwendo, unazima. Si gia hiyo, ni pikipiki imekaa kama mbwa aliyechuchumaa.

Pima. Nyanyua gurudumu la nyuma hewani, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye madigadi juu yake, andika. Ishushe isimame wima bila mtu, pima tena. Halafu panda na mavazi YOTE, mtu akushikie, simama kwenye vikanyagio, apime mara ya tatu. Bila mtu iwe imezama kama milimita 35. Ukiwa juu yake iwe kati ya 105 na 115. Leta namba hapa.

#17 JiweTeleza
Nimepima leo jioni mke wangu akinishikia, alicheka sana. Kwanza ilikuwa 138 nikiwa juu. Nikakaza ile nati ya springi hadi ikafika 112. Lakini sasa bila mtu inazama 14 tu. Hii ni nzuri au?

#18 GogoLaNjia
14 ni ndogo maana yake springi ni ngumu sana kwako. Tafuta laini.

#19 FundiSpana
HAPANA. Wengi wanaanguka hapa kwa hiyo sikulaumu. Ni kinyume. Springi yake ni laini mno kwa uzito wake, ndo maana kalazimika kuikaza sana hadi imbebe, na kwa sababu imekazwa sana pikipiki ikiwa tupu haizami. Ingekuwa ngumu kupita kiasi angeikaza kidogo tu na ikiwa tupu ingezama sana. @JiweTeleza unahitaji springi ngumu zaidi nyuma, na mbele pia usiache, ukibadili nyuma peke yake itakuwa inakupiga kichwa chini kwenye mteremko.

#20 GogoLaNjia
Eh. Nimesoma mara tatu ndo nimeelewa. Kumbe miaka yote nimekuwa nikiwashauri watu upuuzi.

#21 MzeeWaTope
Karibu ukae hapa pembeni yangu.

#22 DadaKabureta
Samahani naingia kwa kuchelewa. Hivi mmesoma vizuri alivyosema? "Nikiiachia injini inazima tii." Kila mtu kaongelea tairi na springi, hakuna aliyeuliza inazima KIVIPI. Inakohoa kwanza kama imelewa mafuta? Au inakatika tu kama umezima swichi? Au inapanda resi kidogo halafu inakata?

#23 JiweTeleza
Dada hapo umenipata sikuwahi kuangalia. Ngoja nikumbuke. Nadhani inapanda resi kidogo halafu inakata. Halafu nikiilaza chini dakika mbili inawaka kiki ya kwanza.

#24 DadaKabureta
Basi mi nanusa njaa ya mafuta. Kabureta ina bakuli na boya. Mlima ukiwa mkali bakuli linainama, mafuta yanakimbilia upande mmoja, na boya lisipokuwa kwenye urefu wake inakosa au inajaa. Cheki urefu wa boya.

Lakini kabla ya hapo angalia kitu cha bure kabisa, mrija wa kupumulia wa tangi, ule unaotoka kwenye kifuniko. Ukibanwa au kile kivalvu chake kikiziba tope, tangi halivuti hewa, na mafuta hayashuki vizuri. Ukienda tambarare huoni kitu, ukiipa mlima mrefu inakufa. Ukisimama hewa inaingia polepole, inawaka. Kama vile ulivyosema.

#25 KlachiKidole
Nguvu ya hoja. Lakini tairi kuzunguka bure na tangi wapi na wapi?

#26 DadaKabureta
Sijasema ni tatizo moja. Anaweza kuwa na mawili. Wanaume mnapenda jibu moja.

#27 BondeKavu
Mi naona mnazunguka mbuyu. Injini inazima kwa sababu flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ni nyepesi. Tustroki ikishuka resi haina kitu cha kuiendeleza. Funga kizito cha ziada kwenye flaiwili, hata gramu mia mbili tatu tu, utaona inavyogoma kufa, inatembea kama trekta. Na kama ni jamii ya KTM ya kabla ya 2024 angalia springi ya pawa valvu, ile valvu ya tundu la moshi inayofunguka resi ikipanda. Ya njano ndo ya kiwandani, nyekundu inaleta nguvu kwa kishindo, kijani inaileta taratibu. Kama aliyekuuzia aliweka nyekundu basi ndo sababu tairi linazunguka bure, nguvu inakuja yote kwa mpigo pale unapohitaji nusu.

#28 Kifusi
Kizito cha flaiwili kina bei yake lakini. Ukipanda resi inachelewa kupanda, na pale kwenye ngazi unataka ile pap! ya kuinua mbele. Mi nilikifunga nikakivua.

#29 BondeKavu
Kwa sababu unaendesha kwa resi. Ukijifunza kuendesha chini utakirudisha.

#30 Kifusi
Umeniona wapi nikiendesha? 😂

#31 MzeeWaTope
Wote tunakusikia Kifusi. Kijiji kizima.

#32 MiguuJuu
Nikubali kuchukiwa. Tatizo ni yeye. Angalieni Graham Jarvis, anapita mahali wengine wanaburuza pikipiki, na anaonekana kama yuko matembezini, kashinda Erzberg, zile mbio za hard enduro za Austria, mara tano mfululizo na 300 ya kawaida tu. Huyu ndugu yetu wa kilo 94 anakaa kitini nina uhakika.

#33 HesabuZaCheni
Aliyeshinda mara tano MFULULIZO ni Taddy Blazusiak, 2007 hadi 2011. Jarvis naye ana tano lakini zimeruka ruka, 2013, 2015, 2016, 2018 na 2019. Na hiyo ya 2015 alishinda na wenzake watatu, Walker, Gómez na Lettenbichler baba, kwa sababu kulikuwa na kipande hakuna aliyeweza kukipita peke yake, wakavutana pikipiki moja moja wote wanne hadi mwisho. Na 300 ya timu ya kiwanda usiite ya kawaida.

#34 MiguuJuu
Asante kwa masahihisho ila hoja yangu iko palepale. Wote hao wametokea kwenye traio, ule mchezo wa kupanda vikwazo taratibu bila kuweka mguu chini. Wamekulia kwenye kusimama, kusawazisha, kupanda jiwe bila kukimbia. Hakuna spea ya hiyo.

#35 TairiUpara
Ila hata wakali wanne walihitaji mikanda ya kuvutia, kwa hiyo @JiweTeleza hicho kitu ulichofunga ndo cha maana kuliko vyote.

#36 JiweTeleza
@MiguuJuu nakaa kitini kweli. Pale kwenye mawe yaliyolegea miguu yote iko chini napiga kasia.

#37 MiguuJuu
Nilijua!! Ukipiga kasia uzito wako hauko kwenye vikanyagio, tairi la nyuma halijui we ni mzigo wa nani. Halafu klachi yako, naomba nikisie, unaishika kwa vidole vinne?

#38 JiweTeleza
Vitatu.

#39 KlachiKidole
Jina langu lipo pale juu kwa sababu. KIMOJA. Sogeza lile bano la klachi ndani zaidi kuelekea katikati ya usukani hadi ncha ya mkono wa klachi ikae chini ya kidole cha shahada, vingine vitatu vishike usukani. Na bano usilikaze likawa chuma, lizungushie tepu ya fundi bomba chini yake, ukianguka lizunguke badala ya kuvunjika mkono wa klachi.

#40 Kifusi
Hiyo ya tepu imeniokolea mikono mingi, ya pikipiki na yangu. Lakini mikono yangu mimi nilivunja kwa gadi zile za kufunga mzunguko mzima. Nilianguka kwenye magogo mkono ukaingia kati ya gadi na usukani, pikipiki ikaendelea na safari, kiwiko cha mkono kikabaki na maswali. Tangu siku hiyo natumia zilizo wazi mwisho.

#41 FundiSpana
Na mimi nimeshaona watu waliovunjika vidole kwa kutumia zilizo wazi, mti unaingia moja kwa moja. Chagua kiungo unachoweza kuishi bila hicho.

#42 GogoLaNjia
Halafu mkuu jitahidi upate gadi ya linkeji, vile viungo vya chini ya shokapu, mawe hayo yatakuvunja linkeji.

#43 HesabuZaCheni
Gogo, amesema posti ya kwanza kabisa shokapu limefungwa moja kwa moja kwenye swingiamu. Hana linkeji.

#44 GogoLaNjia
Leo si siku yangu.

#45 BondeKavu
Feni je, unaiwasha lini? Maana mtu akibana klachi namna hiyo dakika tano injini inachemsha na nguvu inashuka. Nilishaona mtu analaumu kabureta kumbe maji yamekwisha kwenye rejeta, yote yamepita kwenye kifuniko kama mvuke.

#46 JiweTeleza
Feni inajiwasha yenyewe. Inalia kama ndege wakati napumzika chini ya mlima, hapo hapo ndo huwa najisikia mshindani.

#47 DadaKabureta
Na mko juu kiasi gani? Kwenye mwinuko mkubwa hewa ni nyepesi mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, na maji nayo yanachemka mapema, mita 3000 yanachemka karibu nyuzi 90 kama hakuna mgandamizo. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimechoka ndo hapo.

#48 JiweTeleza
Si juu kihivyo. Ila kifuniko nitakiangalia. Nikirudi nitaleta ripoti.

#49 MzeeWaTope
Wiki mbili kimya. Ama kapanda ama yuko bado kule chini ya pikipiki.

#50 JiweTeleza
NIMEPANDA MKOPO!!!

Si kila mara. Mara mbili kati ya sita. Lakini nimesimama juu nikapiga kelele hadi ndege wakaruka.

Nilichofanya: sprokoti 13/52. Upepo 7. Klachi kidole kimoja, nusu ya njia nimesimama. Springi bado, naisubiri. Na @DadaKabureta, ule mrija wa tangi ulikuwa umebanwa chini ya bano la usukani tangu nilipofunga gadi za mikono, umepondeka kama majani. Mimi mwenyewe ndo niliubana.

#51 KlachiKidole
Gia. Posti namba 2. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

#52 TairiUpara
Gia kitu gani, upepo 7 huo!

#53 DadaKabureta
Sisemi kitu.

#54 MiguuJuu
Alisimama. Someni tena. ALISIMAMA.

#55 HesabuZaCheni
Umebadili vitu vinne kwa mpigo mkuu, sasa tutajuaje ni kipi? Rudisha 14/50 uache vingine kama vilivyo ujaribu tena.

#56 JiweTeleza
Akirudishe nani? Sirudishi hata nati moja.

#57 FundiSpana
Na zile mara nne ulizoshindwa ilikuwaje? Mbele inanyanyuka bado?

#58 JiweTeleza
Tatu mbele ilinyanyuka kama zamani. Ila haizimi tena, sasa inaniacha chini ikiwa inawaka.

#59 FundiSpana
Springi. Tutaongea ikifika.

#60 Kifusi
Na ya nne?

#61 JiweTeleza
Ya nne tairi la nyuma lilizunguka kwenye rimu likang'oa valvu ya tyubu. Rimuloki, ile inayobana tairi kwenye rimu, nilisahau kuikaza baada ya kushusha upepo. Nimesukuma saa mbili. Sasa swali, hizi musi, mtu mmoja anaweza kuzifunga peke yake bila kuachana na mkewe?

#62 TairiUpara
HATIMAYE.

#63 Kifusi
Hapana.

#64 MzeeWaTope
Tyubu nyingine kaka, na ukaze rimuloki. Usiwasikilize.

#65 KlachiKidole
Tubliss. Nakuja na picha.